Maradhi ya Mwili Kujishambulia

Neno kinga limekaa katika vinywa vya Waswahili tangu kale kwa maana ya kizuizi kiwekwacho baina ya mtu na dhara linalomjia; lakini tangu kilipoenea kifupisho cha UKIMWI, yaani Upungufu wa Kinga Mwilini, ni vigumu mtu kutaja maradhi ya kinga mbele ya jamaa zake bila ya wao kudhani kuwa inayosemwa ni kinga iliyopungua. Basi mwanamke aliyeambiwa na tabibu kwamba ana "ugonjwa wa kinga" hurejea nyumbani na mizigo miwili, maradhi yenyewe na dhana za watu, na jua halijachwa huwa amekwisha kuletewa mlonge, asali na habasoda ili kinga yake ipande. Walakini shida yake si uchache wa kinga. Kinga anayo, tena yenye nguvu, ila imekosa kupambanua, ikavidhania viungo vya mwenyewe kuwa ni maadui waliotoka nje.

Fikra hii iliwatatiza hata wanazuoni wa Ulaya. Paul Ehrlich, Mjerumani aliyepewa tuzo ya Nobel mwaka 1908, alishika kwamba mwili huchelea mno kujitia sumu, na kwamba lazima uwe na njia ya kujizuia. Na kwa jinsi alivyoheshimiwa, kauli yake ikawa kama mlango uliofungwa. Mwaka 1912 Hakaru Hashimoto, mpasuaji wa Kijapani, alieleza namna ya uvimbe wa tezi ya shingoni, ile iitwayo dundumio, ambayo aliiona imejaa chembe nyeupe za damu, asipate sababu yake. Sababu ilingoja hadi mwaka 1956, pale Deborah Doniach, Ivan Roitt na Peter Campbell, huko London, walipokuta katika damu ya wagonjwa wa aina hiyo zindiko (antibodi) zilizoundwa na mwili dhidi ya tezi yake wenyewe. Na mwaka huo huo Noel Rose na Ernest Witebsky, wa Buffalo, Marekani, wakatangaza kuwa sungura waliodungwa dondoo la tezi za sungura waliharibika tezi zao.

Ama kuhusu tafsiri ya jina la maradhi haya, Waarabu husema kinga "dhatiyya", yaani ya nafsi yenyewe. Lakini nasi tukisema "kinga dhati", msikilizaji atafahamu kinga ya kweli isiyo na hila, na mgonjwa atapewa hongera. "Kinga kujidhulumu" ina sauti nzuri, ila katika lugha yetu mwenye kuidhulumu nafsi yake ni mwenye kutenda dhambi, na mgonjwa huyu hakutenda lolote. Magazeti hupenda "kinga kujishambulia", nayo hufahamika. Lakini kiambishi -ji- humrudisha mtendwa kwa mtenda, hata ikawa kinga yaipiga kinga, na sivyo ilivyo. Mimi huona bora kusema maradhi ya mwili kujishambulia, na anayetaka ukamilifu aongeze: kwa kinga yake. Wako wanaopenda kuleta methali ya kikulacho ki nguoni mwako, nami siiafiki, maana kile kilicho nguoni ni mdudu, na mdudu huonekana akauawa, ilhali hapa ni nguo yenyewe inayojitafuna.

Hilo la mwili kujishambulia ni jina la ukoo mzima; watoto wake wengine walikuwa na majina kabla yake. Mabaka meupe ya ngozi huitwa mbalanga. Maumivu ya viungo huitwa baridi yabisi, jina lililobeba tibabu ya Kiyunani na Kiarabu, ambamo ubaridi na ukavu vilikuwa tabia ya sauda, mmojawapo wa maji manne ya mwili. Ijapokuwa pwani jina hilo hutupiwa kila goti linalouma, ukakavu wake wafaa: mwenye maradhi haya huamka alfajiri vidole vimekataa kukunjika, asiweze kukamua kitambaa wala kushika kifuu juu ya mbuzi, na hupita saa nzima au zaidi kabla mikono haijatii. Adhuhuri hukuna nazi kama wenziwe, na hapo ndipo mawifi husema kwamba asubuhi alikuwa mvivu. Aila iliyokwisha kufahamu mambo haya humwachia kazi za mikono baada ya jua kupanda, na humtilia maji ya moto katika beseni.

Dawa nazo hutaka ufahamu huo huo, kwa kuwa nyingi kazi yake ni kuituliza kinga, kinyume cha mlonge wa jirani. Methotreksati ya baridi yabisi humezwa mara moja kwa juma, na anayeimeza kila siku hujihatarisha. Predinisoloni iliyotumiwa kwa muda mrefu haiachwi ghafla, kwani tezi zilizo juu ya mafigo huwa zimezoea kutegemea dawa. Mwenye lupasi, ugonjwa mwingine wa ukoo huu, ambaye mara tisa katika kumi ni mwanamke, hupewa haidroksiklorokwini, ndugu ya ile klorokwini tuliyoinywea malaria, na hupimwa macho kila baada ya muda. Jua la mchana humwashia maradhi, kwa hiyo buibui na kivuli cha baraza ni sehemu ya tiba yake. Ramadhani ikiingia, aulize kwanza tabibu, na rukhsa ya mgonjwa asiionee haya.

Limebaki la msafiri. Chanjo ya homa ya manjano hufanywa kwa virusi hai vilivyodhoofishwa, navyo vyaweza kumdhuru aliyetulizwa kinga. Basi kabla hajakunja mkono wa kanzu amtajie muuguzi dawa zake zote, na tabibu akiona chanjo haimfai, kanuni za afya za kimataifa zaruhusu aandikiwe cheti cha udhuru.