Mionzi na Saratani ya Tumbo: Safari ya Kutafuta Shabaha

Tiba ya mionzi kwa saratani ya tumbo ilianza mapema kuliko wengi wanavyodhani. Wilhelm Röntgen aligundua eksirei huko Würzburg mnamo Novemba 1895. Ilipofika Julai 1896 daktari Mfaransa Victor Despeignes alikuwa tayari akimmulika mgonjwa aliyeaminika kuwa na saratani ya tumbo, mara mbili kwa siku, nusu saa kila mara. Uvimbe ulipungua na maumivu yakatulia, lakini mgonjwa alifariki mwezi huohuo. Baadhi ya wachunguzi wa baadaye wamehisi kwamba ule uvimbe ulikuwa limfoma, ugonjwa unaoitikia mionzi upesi zaidi. Hata hivyo, Despeignes anastahili heshima: alithubutu pale ambapo dawa ya kuponya haikuwepo.

Wakati huo tegemeo lilikuwa kisu. Theodor Billroth alikata sehemu ya tumbo yenye saratani huko Vienna mwaka 1881, na mgonjwa wake akapona jeraha. Miezi michache baadaye saratani ilirudi, akafa. Tatizo hilo la kurudi ndilo lililotawala karne nzima iliyofuata. Seli za saratani ya tumbo husafiri kwa njia za limfu, zikatua kwanza kwenye tezi zilizo kando ya tumbo, kisha kwenye zile za ndani zinazoizunguka aota, mshipa mkuu wa damu. Wapasuaji wa Japani walizipa tezi hizo namba, kituo baada ya kituo. Za kando ya aota ni namba 16. Wengine waliamua kuziondoa hata kabla hazijaonyesha ugonjwa, mpaka utafiti wa Japani uliotolewa mwaka 2008 ulipoonyesha kwamba kuongeza upasuaji huo hakukurefusha maisha.

Mionzi nayo ilikwama kwa sababu ya mahali penyewe. Tezi hizo zimezungukwa na utumbo mwembamba, figo, ini na uti wa mgongo, viungo visivyostahimili dozi kubwa. Mashine za kobalti, zilizoanza kutumika Kanada mwaka 1951, zilifikisha mionzi ndani zaidi ya mwili, lakini bado zilimulika eneo pana. Hata utafiti mashuhuri wa Marekani wa mwaka 2001, uliowapa wagonjwa waliokwisha kupasuliwa dawa za kemia pamoja na dozi ya mionzi ya grei 45 katika vipindi 25, ulimulika eneo zima la tumbo na tezi zake. Nusu ya waliotibiwa hivyo waliishi zaidi ya miezi 36, wakati kwa waliopasuliwa tu ilikuwa miezi 27. Faida hiyo ilikuja pamoja na kichefuchefu na kushuka kwa chembe za damu.

Mabadiliko makubwa yalitoka Stockholm. Lars Leksell alikuwa amebuni tangu 1951 namna ya kukusanya miale mingi myembamba kwenye nukta moja ndani ya ubongo. Lakini fuvu halisogei, ilhali tumbo husogea kwa kila pumzi. Mwaka 1991 Ingmar Lax na Henric Blomgren wa hospitali ya Karolinska waliutatua ugumu huo kwa fremu iliyomtuliza mgonjwa na kubana pumzi yake, wakatoa dozi kubwa kwa vipindi vichache. Picha za CT, zilizozaliwa kwa kazi ya Godfrey Hounsfield mwaka 1971, ndizo zilizowaonyesha pa kulenga.

Mwaka 1995 Samuel Hellman na Ralph Weichselbaum wakaipa kazi hiyo hoja: kuna wagonjwa ambao saratani imesambaa sehemu chache tu, na kwao kuziangamiza sehemu hizo kuna maana. Mgonjwa ambaye saratani yake ya tumbo imerudi kwenye tezi moja au mbili, bila kugusa ini wala utando wa tumbo, anaingia humo. Utafiti wa SABR-COMET wa mwaka 2019 uliiunga mkono hoja hiyo kwa wagonjwa 99, ingawa wengi wao walikuwa na saratani za matiti, mapafu, utumbo mpana na tezi dume. Kwa saratani ya tumbo, mionzi ya kulenga tezi hutolewa kwa wachache waliochaguliwa kwa makini, nayo haiziondoi dawa za kemia katika nafasi yake.