Kichocheo, Masega na Moshi wa Magari: Historia ya Kifaa na Jina Lake

Katika gereji za Mwanza, kama kwingineko nchini, kifaa kinachosafisha moshi wa gari kabla haujatoka nje huitwa "masega". Jina hili limetokana na umbo lake: kauri yenye vijitundu vingi vilivyopangana mithili ya sega la nyuki. Ni jina zuri, tena limebuniwa na wenye kazi yao. Hata hivyo, halisemi kifaa kinafanya nini, na upungufu huo, kama tutakavyoona, si wa lugha peke yake.

Mwaka 1817 Humphry Davy, mkemia wa Uingereza, aliona kuwa waya wa platinamu uliopashwa moto huendelea kung'aa ndani ya mchanganyiko wa gesi na hewa pasipo ulimi wa moto. Mwaka 1823 Johann Döbereiner wa Ujerumani akaonyesha kuwa platinamu huiwasha haidrojeni ikutanapo na hewa. Mwaka 1835 Jöns Jacob Berzelius wa Sweden akalipa jambo hilo jina, akitumia neno la Kiyunani lenye maana ya kufungua au kulegeza. Kiswahili hakikuifuata njia hiyo. Kilichukua "kichocheo", kutokana na kuchochea moto. Apikaye kwa kuni hahitaji maelezo marefu: chuma cha kuchochelea huuharakisha moto, nacho hakigeuki majivu. Ndivyo kilivyo kichocheo cha kemia: huharakisha mmenyuko, wala hakiishi kwa kutumika.

Mhandisi Mfaransa Eugene Houdry, aliyehamia Marekani, ndiye aliyebuni kifaa cha kusafishia moshi wa magari kwa kichocheo, akapata hataza mwaka 1956. Lakini kifaa hicho hakikuenea wakati huo. Tangu miaka ya 1920 petroli ilikuwa ikitiwa madini ya risasi, na risasi hukifunika kichocheo kikashindwa kufanya kazi. Ni baada ya sheria ya hewa safi ya Marekani ya mwaka 1970 ndipo magari mengi mapya ya nchi hiyo yalipoanza kufungwa kifaa hiki, kuanzia yale ya mwaka 1975.

Kwetu Afrika, mlango ulifunguliwa kwa Azimio la Dakar la mwaka 2001. Kufikia Januari 2006 nchi za kusini mwa Sahara zilikuwa zimeacha petroli yenye risasi. Mwaka 2015 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zikaanza kutumia kiwango kipya cha dizeli, kisichozidi sehemu 50 za salfa katika sehemu milioni moja; kwani salfa nayo hukidhoofisha kichocheo. Hivyo gari lililotumika Japani, likashushwa Dar es Salaam na kufikishwa Mwanza, huweza kukuta mafuta yasiyoua kifaa chake.

Inasikitisha, basi, kwamba wapo wanaoyatoa masega hayo, ama kwa kudhani yanaziba njia ya moshi, ama kwa kuyauza kwa ajili ya platinamu, paladiamu na rodiamu iliyomo. Mwenye gari huridhia upesi, maana aliloambiwa ni umbo tu. Kumbe ndani yake monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu inayoipokonya damu nafasi ya oksijeni, huoksidishwa ikawa dioksidi ya kaboni. Na mabaki ya mafuta yasiyoungua huwa dioksidi hiyo pamoja na maji. Yakiondolewa, wachuuzi na abiria wa stendi za Nyegezi na Buzuruga ndio wanaoivuta sumu hiyo. Ziwa nalo halisalimiki: oksidi za nitrojeni hushuka na mvua, zikarutubisha mwani na magugumaji.

Jina gani lifae? Wako wanaopendekeza "kioksidishaji". Jina hilo lingeyatosha masega ya kwanza, ambayo yalioksidisha tu. Lakini tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 vimetengenezwa vifaa ambavyo pia huzinyang'anya oksidi za nitrojeni oksijeni yake, yaani hufanya kinyume cha kuoksidisha. "Kichocheo" peke yake nacho hakitoshi, kwa kuwa wapo walitumiao neno hilo kwa homoni, na watumishi wa mahakama wanaujua "uchochezi" wa namna nyingine kabisa.

Tunapendekeza "kisafishamoshi cha kichocheo" kwa kifaa kizima, "kichocheo" kwa metali zinazofanya kazi, na "masega" libaki kwa ile kauri inayozibeba. Kwa njia hii neno la mafundi halitupwi, bali linapewa mahali pake. Tungependa walimu, wafasiri na wakaguzi wa magari walijaribu jina hili katika vitabu na fomu zao, ili mwenye gari akiulizwa kama kisafishamoshi kitolewe, ajue ni kitu gani anachoombwa kukiacha.