Jani la chai na safari yake hadi kichwani

Chuma jani bichi la chai pale Mufindi au Kericho, ulifikiche kwa viganja viwili, kisha ungoje. Kingo zinaanza kugeuka kahawia, na harufu ya nyasi inakuwa harufu ya chai. Kiwandani ni hivyo hivyo: majani yananyaushwa, yanasagwa, yanaachwa hewani yachachuke mpaka yapate rangi ya shaba, ndipo yanakaushwa. Chai ya kijani hutoka kwenye mti huo huo. Majani yake tu hupitishwa kwenye mvuke au kikaangoni mapema, kabla hewa haijayabadilisha. Kinachookolewa na moto huo ni katekini, na ndiyo inayotajwa leo kwenye chupa za shampuu na mafuta ya kuzuia nywele kunyonyoka.

Sifa ya chai kama dawa ni ya kale. Mwaka 1211 mtawa wa Kibudha wa Japani, Eisai, aliandika kitabu, Kissa Yojoki, akiwahimiza watu wanywe chai ili waishi miaka mingi. Karne saba zikapita watu wakinywa na kusifu, ila ndani ya jani mna nini, hakuna aliyeweza kusema sawasawa.

Aliyekuja kulifungua jani hilo ni mwanamke, na kwangu yeye ndiye moyo wa historia hii. Michiyo Tsujimura alizaliwa mwaka 1888. Alipotaka kufanya utafiti katika Chuo Kikuu cha Hokkaido, chuo kilikuwa hakipokei wanafunzi wa kike, akakubali kuwa msaidizi wa maabara bila mshahara. Akahamia Tokyo, na tetemeko kubwa la Septemba 1923 likaiangamiza maabara aliyokuwa akifanyia kazi. Hakukata tamaa. Alipokelewa katika taasisi ya utafiti ya RIKEN, chini ya mwanakemia Umetaro Suzuki, na mwaka 1924 yeye na mwenzake Seitaro Miura wakagundua kwamba chai ya kijani ina vitamini C. Mwaka 1929 akaitenga katekini, kile kitu kinachoipa chai uchungu wake. Mwaka 1932 akatunukiwa udaktari, mwanamke wa kwanza Japani kuupata katika sayansi ya kilimo. Tasnifu yake ilihusu kemia ya chai ya kijani. Nywele hazikuwa shughuli yake.

Nywele ziliingia kwa mlango mwingine. Mwaka 1942 mwanaanatomia wa Kimarekani, James Hamilton, alionyesha kwamba wanaume waliohasiwa kabla ya kubalehe hawaoti upara, lakini wakipewa testosteroni, wale ambao ukoo wao una upara huanza kupoteza nywele. Baadaye ikaeleweka kwamba kimeng'enya kimoja mwilini huigeuza testosteroni kuwa homoni kali zaidi, DHT, na hiyo ndiyo inayovidhoofisha vinyweleo vya utosini, unywele ukizidi kuwa mwembamba kila unapoota upya.

Mwaka 1995 Shutsung Liao na Richard Hiipakka wa Chuo Kikuu cha Chicago walitangaza kwamba katekini za chai zinakizuia kimeng'enya hicho. Habari njema, lakini hapa ndipo wauzaji wengi huruka mstari. Kimeng'enya hicho kina aina mbili. Katekini ilizuia aina ya kwanza, na jaribio lenyewe lilifanyika nje ya seli. Inayohusika zaidi na upara wa wanaume ni aina ya pili, ile inayozuiwa na finasteride, dawa iliyoruhusiwa Marekani kutibu upara mwaka 1997.

Watafiti wa Korea Kusini wakasogea karibu zaidi. Mwaka 2007 walichapisha matokeo ya vinyweleo vya binadamu walivyovilea maabara: vilivyopewa katekini iitwayo EGCG vilikuza nywele zaidi, na seli za papila, zilizo kwenye kitako cha kinyweleo, ziliongezeka. Kazi hiyo naiheshimu sana. Lakini kinyweleo kilicholowekwa kwenye dawa si kichwa cha mtu aliyekunywa kikombe asubuhi. Katekini nyingi tunayokunywa haivuki hata utumbo kuingia kwenye damu. Finasteride, na minoxidil iliyoitangulia mwaka 1988, zilijaribiwa kwa mamia ya watu kabla ya kuruhusiwa. Chai ya kijani haijavuka daraja hilo.

Nalisema hili nikiwafikiria akina dada ninaowaona saluni, chai ya kijani iliyopoa ikimiminwa taratibu kwenye paji la uso, pale ambapo nywele zimerudi nyuma. Mara nyingi ngozi ya hapo inang'aa, na vipele vidogo vimejipanga kwenye mizizi ya rasta zilizokazwa. Nywele hizo zilivutwa na msuko, mwezi baada ya mwezi. DHT haikuhusika, wala hakuna kimeng'enya cha kuzuia. Msuko ukilegezwa mapema zinaweza kuota tena. Ukiendelea kukazwa kwa miaka, kinyweleo hufa na kovu hushika mahali pake, na hapo si katekini wala minoxidil itakayopata kitu cha kuamsha.