Kuku wa kienyeji wa Kivu na mayai ya kuatamia

Mayai mengi yanayouzwa Goma na Bukavu hutoka Rwanda, yakiwa kwenye plato za mayai 30. Yanafaa kukaanga. Kifaranga hayatoi, kwani kuku hao wa mayai hufugwa bila jogoo. Familia iliyopoteza kuku wake vitani haiwezi kuanza upya kwa plato ya dukani. Inabidi imtafute mwenye kuku wa kienyeji na jogoo wake.

Kuku walitoka Asia, wakafika Afrika ya kati zamani sana kabla ya Wabelgiji. Wakati wa Leopold II (1885-1908), vijiji vingi vililazimishwa kupeleka kuku, mbuzi na chakula kwenye vituo vya serikali, juu ya ile kazi ya mpira. Mali ndogo ya akina mama ikageuka kodi. Baadaye wakoloni walileta kuku wa ngambo, kama Rhode Island Red wa Marekani na Leghorn mwenye asili ya Italia, na damu ikachanganyika.

Kati ya kuku wa zamani, wawili hutafutwa sana: asiye na manyoya shingoni, na mwenye manyoya yaliyojipinda. Manyoya yao hayazuii joto sana mwilini, kwa hiyo hustahimili jua la bonde la Ruzizi vizuri kuliko baridi ya milima ya Masisi. Jogoo mmoja wa shingo tupu akipanda majike ya kawaida, nusu hivi ya vifaranga, au wote, hutoka na shingo hiyo. Kwa sababu hiyo, mayai machache tu yanaweza kurudisha aina hiyo kijijini.

Vita vya 1996 na vya 1998 viliwamaliza wengi. Ng'ombe wa Masisi walizungumziwa sana; kuku, nani aliwahesabu? Mama anayetoroka usiku hubeba mtoto, sufuria na shuka. Kuku waliolala jikoni hubaki kwa mwenye bunduki. Mwaka 2017 mafua ya ndege nayo yakaua kuku na bata Ituri, kando ya ziwa Albert.

Zamani jirani alipewa kuku jike wa kutunza, kisha vifaranga wakagawanywa. Mkimbizi asiye na kiwanja hawezi mapatano hayo kwa urahisi, na hapo yai ndilo jepesi kubeba. Muuzaji mwaminifu hatoi yai lililopita wiki moja, wala haoshi mayai, maana maji hufungua njia ya uchafu kuingia ndani. Yakisafiri kwa pikipiki, hupumzishwa siku moja, upande mnene juu, kabla ya kuwekwa chini ya kuku.

Wadanganyifu huchanganya humo mayai ya plato, na mnunuzi hungoja siku 21 bure. Wenye kujua hawangoji hivyo. Siku ya saba, gizani, wanamulika kila yai kwa tochi ya simu. Lenye mishipa myekundu hurudishwa chini ya kuku. Linalong'aa tupu hutolewa, na aliyeliuza huulizwa.