Roboti Zilivyotoka Kizimbani

Leo tuzungumzie historia ya koboti, yaani roboti zinazofanya kazi bega kwa bega na binadamu, bila uzio katikati. Wanaoziuza husema ni salama: unanunua, unaiweka mezani, kazi inaanza. Mimi kazi yangu ni kuandika programu za tarakilishi, na nikisikia neno "salama" huuliza kwanza: salama ikifanya nini? Historia ya mashine hizi inalijibu swali hilo vizuri.

Tuanze mwaka wa 1961. Kiwanda cha General Motors huko Ewing, jimbo la New Jersey, Marekani, kiliweka Unimate, roboti ya kwanza ya viwandani. Ilitokana na uvumbuzi wa George Devol, na Joseph Engelberger ndiye aliyeifanya biashara. Kazi yake ilikuwa kutoa vyuma vya moto kwenye mashine ya kalibu. Mkono huo ulikuwa na nguvu nyingi, lakini haukuona wala kuhisi. Ulifuata hatua zilizohifadhiwa, basi. Ukisimama njiani, shauri yako. Kwa hiyo kanuni ikawa moja: roboti ndani ya uzio, mtu nje.

Lakini watu huingia ndani. Tarehe 25 Januari 1979, Robert Williams, kijana wa miaka 25 katika kiwanda cha Ford huko Flat Rock, Michigan, alipanda kwenye rafu kuchukua vipuri. Mkono wa mashine ukampiga kichwani kutoka nyuma, akafa. Mwaka wa 1983 jopo la mahakama liliamua familia yake ilipwe dola milioni 10. Mwaka wa 1981, Kenji Urada aliuawa na roboti katika kiwanda cha Kawasaki huko Akashi, Japani. Uzio ulikuwepo, na kuufungua kungekata umeme. Ilivyoripotiwa, hakuufungua bali aliuruka.

Angalieni jambo moja: wote wawili walikuwa kazini, hawakuwa wakicheza. Uzio hudhani mtu hana sababu ya kuuvuka, na kazi humpa sababu hiyo kila siku.

Mwaka wa 1996, J. Edward Colgate na Michael Peshkin wa Chuo Kikuu cha Northwestern walikuja na wazo tofauti, na hapo ndipo jina koboti lilipotoka. Mashine yao haikuwa na nguvu ya kujisukuma. Fikiria mkokoteni: mtu anasukuma, mashine inaelekeza magurudumu tu ili mzigo ufike mahali pake. Haiwezi kukugonga kwa nguvu isiyokuwa nayo.

Koboti za leo zina mota. Kampuni ya Universal Robots ilianzishwa Odense, Denmark, mwaka wa 2005, na mwaka wa 2008 iliuza mkono wake wa kwanza kwa kampuni ya Linatex, ambayo iliuweka karibu na wafanyakazi bila uzio. Mkono wa aina hii ni mwepesi, nguvu zake zina kikomo, na ukihisi umegonga kitu unasimama.

Swali likabaki: mgongano kiasi gani mwili unaweza kuuvumilia? Watafiti wa Chuo Kikuu cha Mainz, Ujerumani, waliwapima watu 100 katika sehemu 29 za mwili ili kujua maumivu yanaanza wapi. Mwaka wa 2016 Shirika la Kimataifa la Viwango (ISO) lilitoa mwongozo wa TS 15066 wenye jedwali la vikomo. Vidole vikibanwa, kikomo ni niutoni 140, karibu uzito wa kilo 14. Uso ni 65 tu, chini ya nusu ya hiyo.

Sasa rudi kwenye swali langu. Mkono uleule unaokidhi jedwali ukiwa umeshika kitambaa, upe kisu. Nguvu haijabadilika, programu haijabadilika, lakini kidole kimekatika. Ndiyo maana ISO ilipotoa upya kiwango chake cha 10218 mwaka wa 2025, iliacha kusema "roboti shirikishi" na badala yake ikazungumzia matumizi shirikishi. Kinachopimwa ni mkono, kifaa ulichoshika, mzigo, mwendo na mahali pa kazi, vyote kwa pamoja.

Hapa kwetu Kenya, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inataka sehemu hatari za mashine zizingirwe imara, isipokuwa kama zimeundwa au zimewekwa kwa namna iliyo salama sawa na zilizozingirwa. Koboti itapitia mlango huo wa "isipokuwa", na mwenye karakana ndiye atakayetakiwa kuthibitisha. Ushauri wangu: kabla ya kuwasha, muulize fundi aliyeifanya kazi hiyo kwa mikono miaka yote. Mkono wako hupita wapi? Kitu kikikwama, unafanyaje? Majibu yake hayamo kwenye kijitabu cha muuzaji, na Williams na Urada walifia palepale ambapo hakuna aliyeuliza.