Karema, Mbung'o na Maziwa

Mwaka wa 1889 aliwasili Karema, katika ufuko wa mashariki wa Ziwa Tanganyika, kijana mmoja aliyeitwa Adrien Atiman. Alizaliwa katika nchi za Mto Niger, akaibwa utotoni na kuuzwa utumwani, akakombolewa na Mapadre Weupe huko Afrika ya Kaskazini, kisha akapelekwa Malta kusomea udaktari. Karema aliwatibu watu mpaka alipofariki mwaka wa 1956. Waandishi wamemsifu kwa imani na bidii yake, na sifa hizo anazistahili; lakini iko sababu nyingine ya kumkumbuka ambayo haitajwi sana. Sehemu kubwa ya kazi yake ilitangulia viuavijasumu. Fleming alipouona ukungu wake mjini London mwaka wa 1928, Atiman alikwisha kutibu kwa muda wa miaka karibu 40. Na penisilini ilipoanza kuenea duniani, katika miaka ya 1940, yeye alikuwa mzee. Kidonda kilichooza, homa ya mapafu, homa ya mzazi baada ya kujifungua: mambo hayo yalitegemea kisu, maji ya moto, mitishamba, na zaidi ya yote nguvu ya mgonjwa mwenyewe.

Katika zama hizo maziwa ya ng'ombe hayakuwa jambo kubwa katika nchi ile. Wafipa wa uwanda wa juu, upande wa kusini, walikuwa na ng'ombe wao. Bali miombo ya Mpanda ilikuwa milki ya mbung'o, na ng'ombe aliyeingia humo aliingia kufa. Kwa ajili hiyo Mfalme Leopold wa Ubelgiji aligharimia jaribio la ajabu mwaka wa 1879: tembo wanne kutoka Bara Hindi walishushwa pwani ya Tanganyika ili waonekane kama wataweza kubeba mizigo mpaka Karema, kituo kilichoanzishwa mwaka uleule na Kapteni Cambier. Baadhi yao walifia njiani, na jaribio likaachwa. Kituo chenyewe kilikabidhiwa Mapadre Weupe mwaka wa 1885.

Ng'ombe walikuja baadaye sana, hasa tangu miaka ya 1970, Wasukuma walipohama na makundi yao kutafuta malisho na mashamba. Msitu ulikatwa, na sindano za kuzuia nagana zilipatikana. Dawa hizo si viuavijasumu, lakini mkono uliozoea sindano ya kwanza hausiti kuchukua ya pili. Ndiyo kusema kwamba katika sehemu kubwa ya Katavi maziwa na dawa viliingia kwa mlango mmoja, na mtu asiyeijua historia hii atamlaumu mfugaji bure.

Hatari yenyewe ilijulikana mapema. Fleming alionya mwaka wa 1945, alipopokea Tuzo ya Nobel, kwamba dawa ikitumiwa kidogo kuliko inavyotakiwa huwafundisha vijidudu kuistahimili. Huko Ulaya, ng'ombe walipoanza kutiwa penisilini katika viwele vilivyougua, watengenezaji wa jibini waliona maziwa yakikataa kuganda: mabaki ya dawa yalikuwa yamewaua bakteria wema wanaochachusha. Mwaka wa 1959 wataalamu wa Japani walionyesha jambo zito zaidi, yaani kwamba bakteria mmoja anaweza kumpa mwenzake wa aina nyingine usugu wake. Uingereza iliunda kamati, na taarifa yake ya mwaka wa 1969 ikashauri kwamba dawa za kutibu watu zisitiwe ovyo katika chakula cha mifugo.

Tanzania ilikuwa na njia yake. Oksitetrasaiklini huuzwa madukani, na mara nyingi mfugaji mwenyewe ndiye anayepima, anayechoma na anayeamua ng'ombe amepona. Uchunguzi wa maziwa ya sokoni katika Dar es Salaam na Mwanza, uliochapishwa mwaka wa 2006, ulikuta mabaki ya dawa katika theluthi moja hivi ya sampuli. Katika miaka ya 2010, watafiti waliokwenda kwa Wamasai, Waarusha na Wachaga walikuta bakteria sugu kwa watu na kwa mifugo, na maziwa yasiyochemshwa yakawa mojawapo ya njia walizozitaja. Serikali ilitoa mpango wa taifa wa kupambana na usugu huo mwaka wa 2017.

Hapa hapana budi kutenganisha mambo mawili ambayo huchanganywa. Moto huua bakteria, aliye sugu na asiye sugu sawasawa. Kwa hiyo kuchemsha maziwa ni kinga ya kweli, ingawa kwa wafugaji wengi maziwa yaliyochemshwa yamepoteza utamu na heshima yake. Lakini mabaki ya dawa hayatoki yote kwa moto. Dawa ya namna hiyo huwa na maelezo ya siku ambazo maziwa ya ng'ombe aliyetibiwa yasinywewe wala kuuzwa. Siku hizo zote ng'ombe hukamuliwa asubuhi na jioni, watoto wakiwa na vikombe vyao, na hakuna anayemlipa mfugaji kwa maziwa anayoyamwaga.