Nani Anamsikiliza Mtoto? Ubao wa Chuoni, Kibao cha London na Kishikwambi cha Tanga

Chuo cha Kurani cha zamani cha pwani, kiwe cha Bagamoyo au cha Lamu, kilijulikana kwa kelele kabla hujafika mlangoni. Watoto wamejaa mkekani, kila mmoja na aya yake, wote wanasoma kwa sauti kwa wakati mmoja. Mgeni hudhani ni vurugu. Mwalimu ameegemea ukuta, macho yamefumbwa nusu, lakini mtoto wa pembeni akiteleza katika irabu moja tu anasikia jina lake likiitwa. Mtoro bin Mwinyi Bakari, ambaye kitabu chake cha Desturi za Wasuaheli kilichapishwa Ujerumani mwaka 1903, aliyaona mambo ya chuoni kuwa sehemu ya malezi isiyoweza kuachwa nje ya maelezo.

Kifaa cha mtoto kilikuwa ubao wa mbao, kalamu ya mwanzi na wino wa masizi. Somo linaandikwa, mtoto analikariri, kisha anakwenda kuketi mbele ya mwalimu na kulisoma. Likipita, ubao unaoshwa, unaanikwa juani, unaandikwa somo jingine. Lisipopita, maandishi yanabaki pale pale hadi kesho. Kwa hiyo mtoto mzito hakuburuzwa na mwepesi hakuwekwa amsubiri mwenzake. Sisemi chuo kilikuwa pepo. Kiboko kilikuwepo, na wengi walimaliza juzuu kwa juzuu za lugha wasiyoielewa. Ila hapakuwa na njia ya kufikia somo la pili bila sikio la mtu mzima kulipitisha la kwanza.

Sasa twende Madras, India, ambako kasisi wa Kiskoti, Andrew Bell, alifika mwishoni mwa miaka ya 1780 na kukabidhiwa nyumba ya yatima wa kiume. Aliwaona watoto wa Kimalabari wakijifunza kuandika kwa kidole mchangani, akaichukua mbinu hiyo, akawapa wanafunzi wakubwa kazi ya kuwafundisha wadogo. Ripoti yake ilitoka mwaka 1797. Mwaka uliofuata Joseph Lancaster akafungua shule Borough Road, London, akaujenga mfumo wa aina hiyo hadi ukafanana na gwaride: mamia ya watoto katika chumba kimoja, mwalimu mmoja, viranja kila safu. Kiranja anataja neno, watoto wanaliandika kwenye vibao vyao vya jiwe, amri inatoka, vibao vyote vinainuliwa kwa pamoja, kiranja anapita akitazama.

Chuoni nako wanafunzi wakubwa waliwasaidia wadogo, kwa hiyo tofauti haiko hapo. Iko katika kile kinachokaguliwa. Lancaster alikagua kibao. Mwalimu wa chuoni alimkagua mtoto. Mfumo wa Lancaster ulienea haraka kwa sababu ulikuwa wa gharama nafuu, na wafadhili wa kila zama hupenda darasa ambalo mwalimu mmoja anawatosha watoto wengi. Nikisoma matangazo ya vifaa vya shule vya leo, yale ya kila mtoto na kifaa chake na walimu wachache, naisikia amri ya kuinua vibao.

Jaribio lililonivutia kuliko yote lilifanyika kwetu. Kuanzia mwishoni mwa 2017, kwa miezi 15, shindano la Global Learning XPRIZE lilipeleka vishikwambi katika vijiji 170 hivi vya mkoa wa Tanga, kwa watoto wapatao 2,700. Wengi wao hawakuwahi kukanyaga shule. Programu zilikuwa za Kiswahili, umeme ulikuwa wa jua, na mwalimu hakuwepo. Mwanzoni zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Mwishoni kiwango hicho kilikuwa kimepungua kwa takriban nusu. Mwaka 2019 tuzo ya dola milioni 10 ikagawanywa kati ya washindi wawili, onebillion na Kitkit School.

Mafanikio hayo si haba, na anayeyabeza hajawahi kumfundisha mtoto herufi. Lakini nusu ile nyingine nayo ina habari yake. Mtoto aliyekwama peke yake angeweza kugusa picha nyingine, mchezo ukaendelea. Katika programu tano zilizofika fainali, moja, RoboTutor ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, ilitokana na utafiti wa miaka mingi wa kuiwezesha kompyuta kumsikiliza mtoto akisoma. Haikushinda, ila kwangu ndiyo iliyokuwa imekaribia mkeka wa chuoni.

Plato, katika Phaedrus, anamfanya Sokrate alalamike kwamba maandishi hayajibu: uyaulize utakalo, yatarudia lile lile. Akili mnemba imeliondoa lalamiko hilo, maana inajibu hata usipouliza vizuri. Kinachokosekana ni upande wa pili, wa kumuuliza mtoto na kungoja.

Serikali nazo zimejaribu vifaa. Peru ilinunua kompyuta ndogo kwa mamia ya maelfu, na utafiti katika shule 319 za vijijini, uliotolewa 2012, haukuona nyongeza katika alama za hisabati na lugha. Kenya, kwa vishikwambi vyake, iliwalenga watoto wa darasa la kwanza. Tanzania, baada ya Sensa ya 2022, iligawa vishikwambi vya makarani kwa walimu, na naona huko ndiko kulikokuwa na busara zaidi, ingawa mwalimu mwenye watoto mia darasani anahitaji kwanza kupunguziwa watoto.

Malawi imechagua njia ya katikati. Programu ya onebillion inapelekwa katika shule za msingi za serikali, darasa la kwanza hadi la nne, watoto wakiingia kwa zamu na mtu mzima akiwasimamia. Hiyo zamu ndiyo ningependa kuiona ikipimwa: wakati kundi moja liko kwenye vishikwambi, je, mwalimu anawaita waliobaki mmoja mmoja wamsomee, au anatumia dakika hizo kusahihisha madaftari?